Protini za Uvimbe na Uhai wa Mgonjwa: Namna ya Kusoma Majibu ya Saratani ya Kinywa

Majibu ya kinyama kilichokatwa mdomoni yanapofika nyumbani hapa Tanga, iwe Ngamiani, Chumbageni au kule Muheza, huwa ni karatasi moja au mbili zenye maneno ambayo hata mwalimu wa biolojia angeyasoma mara mbili. Mstari wa juu hutaja saratani ya seli bapa, na kama kipande kilipelekwa kwenye maabara kubwa zaidi, chini yake huongezwa mistari ya aina ya "p53: chanya", "Ki-67: asilimia 60" au "PD-L1: CPS 15". Neno "chanya" hupokewa na mmoja wa familia kama habari njema, na mwingine kama hukumu, kisha swali hurudi kwa daktari: "Sasa daktari, mzee wetu ana miezi mingapi?" Karatasi ile haina jibu la swali hilo. Inayo majibu ya maswali mengine, na ili kuyapata ni lazima kwanza kujua protini hizo zinapimwaje, na zilihusishwa vipi na uhai wa wagonjwa waliotangulia.

Saratani ya kinywa ni ile inayoanzia kwenye midomo, sehemu ya mbele ya ulimi, ufizi, upande wa ndani wa shavu, sakafu ya kinywa au kaakaa gumu, na takriban tisa kati ya kumi ya saratani hizo hutokana na seli bapa zinazotandaza utando wa ndani wa kinywa. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 377,000 duniani na vifo zaidi ya 177,000. Visababishi vikuu vinafahamika: tumbaku ya kuvuta, ugoro na tumbaku nyingine za kuweka mdomoni, pombe, na popoo. Hili la popoo linatugusa watu wa pwani kwa namna ya pekee, kwa kuwa tambuu lenye popoo, chokaa na katu limekuwa katika sinia za harusi zetu tangu enzi za mabibi, na wengi bado wanaamini kwamba kinachodhuru ndani yake ni tumbaku tu. Sivyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka popoo yenyewe, hata isipochanganywa na tumbaku, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2004.

Kipande kinapokatwa hutiwa kwenye fomalini, ambayo huzigandisha protini mahali zilipo. Baadaye huzamishwa katika nta ya parafini hadi kikawa kitofali kidogo kigumu, na kitofali hicho hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5 ambavyo hulazwa juu ya kioo. Daktari wa patholojia huanza kwa rangi za kawaida, zinazomwonyesha umbo la seli na mpangilio wake, na hapo ndipo saratani hutambuliwa. Hatua ya protini ni nyongeza, na huitwa imunohistokemia. Kingamwili iliyotengenezwa ili ishikamane na protini moja tu humwagwa juu ya kioo, kisha dawa za kimaabara huifanya kila sehemu iliyoshikwa igeuke rangi ya kahawia, huku viini vya seli nyingine vikibaki na rangi ya buluu. Mizizi ya njia hii ni kazi ya Albert Coons, ambaye mwaka 1941 alifaulu kuifunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili. Anayesoma kioo leo huangalia mambo matatu: kahawia iko wapi, iwe ndani ya kiini, kwenye utando wa seli au katikati yake; imeshika seli ngapi kati ya mia; na imekolea kiasi gani.

Mambo hayo matatu yote yanaweza kuharibika kabla kipande hakijafika maabara, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Katika joto la Tanga la mwezi wa Februari, nyama iliyokaa mezani saa kadhaa bila fomalini huanza kujiozea yenyewe, na protini huvunjika pamoja nayo. Fomalini ikiwa kidogo, yaani chini ya mara kumi ya ujazo wa kipande, haipenyi hadi katikati. Kipande kikisahaulika humo kwa wiki nyingi, hutokea kinyume chake: protini hufungamana mno hata kingamwili ishindwe kuzifikia. Tangu mwaka 1991 maabara zimekuwa zikivichemsha vioo ili kuzifungua tena protini zilizofungamana, lakini kuchemsha hakuwezi kurudisha kilichokwisha kuoza. Kwa hiyo jibu la "hasi" linaweza kuwa la uvimbe, na linaweza pia kuwa la chupa na safari. Maabara makini huweka pembeni kioo cha kulinganishia chenye tishu inayojulikana kuwa na protini hiyo, na kioo hicho kisipoonyesha kahawia, majibu ya siku hiyo hayatolewi.

Tuanze na p53, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa kuliko nyingine na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko nyingine. Protini hii iligunduliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kuizuia seli yenye vinasaba vilivyoharibika isigawanyike mpaka irekebishwe, na ikishindikana kurekebishwa, kuielekeza ife. Seli yenye afya huitengeneza p53 na kuivunja upesi, hivyo chini ya hadubini huonekana kidogo tu, hapa na pale, kwa rangi hafifu. Jeni yake inapoharibika, mara nyingi hutengenezwa protini iliyopinda ambayo haivunjiki kama inavyopaswa. Hurundikana ndani ya kiini, na kioo kizima hujaa kahawia nzito. Hiyo ndiyo "p53 chanya", na maana yake ni kwamba kinachoonekana kwa wingi ni protini iliyokwisha kuharibika.

Tatizo ni kwamba jeni ileile inaweza kuharibika kwa namna ya kukatika kabisa, protini isitengenezwe hata chembe. Hapo kioo huwa cheupe, pasipo hata ile rangi hafifu ya kawaida, na katika ripoti huandikwa "hasi". Mgonjwa huyu amepoteza ulinzi wa p53 sawa na yule wa kahawia nzito, pengine zaidi. Tafiti nyingi za zamani ziliwagawa wagonjwa katika makundi mawili tu, chanya na hasi, na kwa kufanya hivyo zikamweka aliyepoteza protini yote katika kundi moja na mwenye p53 nzima. Si ajabu basi kwamba baadhi zilisema p53 inafupisha maisha na nyingine zikasema haina uhusiano wowote. Watafiti walipoiacha rangi na kusoma jeni yenyewe, picha ilikuwa safi zaidi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 420 wa saratani za kichwa na shingo waliofanyiwa upasuaji, waliokuwa na jeni iliyobadilika walikuwa na hatari ya kufa mara 1.4 ya wale ambao jeni yao ilikuwa nzima, na pale mabadiliko yalipovuruga kabisa umbo la protini hatari ilipanda hadi mara 1.7.

Hata hivyo kuna kikwazo kingine. Uchambuzi mkubwa wa jeni za saratani za kichwa na shingo uliotoka mwaka 2015 ulikuta jeni ya p53 imebadilika katika asilimia 84 ya saratani zisizotokana na virusi vya papiloma (HPV). Kiashiria ambacho karibu kila mgonjwa anacho hakiwezi kusaidia sana kuwatenganisha wagonjwa, hata kama kinaeleza vizuri jinsi ugonjwa wenyewe unavyoanza.

Ki-67 ni rahisi zaidi kueleweka. Huonekana ndani ya kiini cha seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika na hutoweka seli ikipumzika, hivyo asilimia 60 maana yake ni kwamba seli sita kati ya kumi zilikuwa kazini wakati kipande kinakatwa. Mtu angetarajia kwamba asilimia kubwa ni maisha mafupi. Katika saratani ya kinywa jambo halikwenda sawasawa hivyo, na sababu moja ni kwamba seli zinazogawanyika kwa kasi ndizo ambazo mara nyingi mionzi huziumiza zaidi. Hakuna kizingiti kinachokubaliwa na wote cha kutenganisha asilimia ya chini na ya juu, na mimi nisingekosa usingizi kwa mstari huu.

E-kadherini inastahili kutazamwa kwa jicho jingine. Seli za utando wa kinywa zimeshonwa pamoja kama kili za mkeka, na uzi wa ushoni huo ni protini hii inayokaa kwenye kingo za seli. Uvimbe unapoanza kupenya kwenda chini, seli za ukingo wake wa mbele huipoteza E-kadherini, huachana, na hujipenyeza katika misuli mojamoja au kwa makundi madogo. Tafiti nyingi zimehusisha upotevu huo na kuenea kwa saratani kwenye tezi za shingo. Ila jibu linategemea kisu kiligusa wapi. Kinyama kilichochukuliwa juujuu kinaweza kuonyesha E-kadherini tele, ilhali milimita chache chini yake, pale uvimbe unapopigana na nyama nzima, haipo kabisa. Vivyo hivyo kwa protini nyingine: uvimbe mmoja una sehemu zisizofanana, na kioo kimoja ni sehemu moja.

Kabla ya kwenda mbele, ni lazima kutenganisha kazi mbili ambazo hata madaktari huzichanganya katika mazungumzo. Kuna protini inayotabiri mwenendo wa ugonjwa, na kuna protini inayotabiri kama dawa fulani itafanya kazi. EGFR inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Ni kipokezi kilicho kwenye utando wa seli, kinachopokea amri ya kukua, na kimejaa kupita kiasi katika sehemu kubwa ya saratani za kichwa na shingo. Dawa ya setuksimabu ilitengenezwa ili kukiziba, na utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuiongeza kwenye tibakemikali kwa wagonjwa ambao saratani ilirudi au ilisambaa kulisogeza mbele muda wa nusu ya wagonjwa kuwa bado hai kutoka miezi 7.4 hadi miezi 10.1. Mtu angedhani kwamba mwenye EGFR nyingi zaidi ndiye atakayenufaika zaidi. Walipopima, kiwango cha EGFR kwenye kioo hakikuonyesha nani angenufaika na nani asingenufaika. Dawa inaweza kulenga protini, na wingi wa protini hiyo bado usiwe mwongozo wa kumchagulia mgonjwa dawa.

Kwa p16 kosa la kawaida ni la ramani. Protini hii hujaa ndani ya seli zilizogeuzwa na virusi vya papiloma, na katika saratani ya koromeo, yaani mafindofindo na shina la ulimi, kuwa nayo ni habari njema kwelikweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa koromeo ambao saratani yao ilitokana na virusi hivyo walikuwa hai baada ya miaka 3 kwa asilimia 82.4, dhidi ya asilimia 57.1 kwa wale ambao haikutokana navyo. Ndiyo maana toleo la nane la mfumo wa kupanga hatua za saratani, lililoanza kutumika mwaka 2018, liliipa saratani ya koromeo yenye p16 jedwali lake lenyewe, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya seli zimeshika rangi nzito. Lakini theluthi mbili za mbele za ulimi, ufizi na shavu si koromeo. Huko virusi hivi si kisababishi kikuu, na p16 ikionekana haibebi maana ileile wala haimhamishii mgonjwa kwenye jedwali lile. Familia iliyosoma kwenye simu kwamba "p16 chanya hupona" ingefaa kwanza imuulize daktari kidonda kipo mbele ya ulimi au nyuma kwenye shina lake.

PD-L1 ndiyo protini iliyobadilisha matibabu. Seli ya saratani huivaa kwenye utando wake na kwa njia hiyo huzizima seli za kinga zinazokuja kuishambulia. Alama ya CPS hupatikana kwa kuhesabu seli zote zilizoshika rangi, za saratani pamoja na za kinga, kuzigawa kwa idadi ya seli za saratani zilizo hai, kisha kuzidisha kwa mia. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliowalinganisha wagonjwa waliopewa pembrolizumabu, dawa inayozuia uzimaji huo wa seli za kinga, peke yake na waliopewa setuksimabu pamoja na tibakemikali, wote wakiwa na saratani ya kichwa na shingo iliyorudi au iliyosambaa. Kwa wenye CPS ya 20 au zaidi, nusu ya waliopata pembrolizumabu walikuwa hai baada ya miezi 14.9, dhidi ya miezi 10.7 kwa kundi jingine. Kwa wenye CPS ya 1 au zaidi ilikuwa miezi 12.3 dhidi ya 10.3. Hapa mstari wa protini unaamua jambo, mradi dawa yenyewe ipatikane na gharama yake iwezekane, na kwa familia nyingi za Tanga masharti hayo mawili ni mazito kuliko kipimo.

Takwimu hizi zote zinatoka katika mchoro wa aina moja, uliopendekezwa na Edward Kaplan na Paul Meier mwaka 1958. Mstari huanza juu, wagonjwa wote wakiwa hai, na hushuka ngazi moja kila mmoja anapofariki. Aliyepotea katika ufuatiliaji huhesabiwa kuwa hai hadi siku ya mwisho alipoonekana, kisha huondolewa kwenye hesabu, kwa dhana kwamba hali yake haitofautiani na ya waliobaki. Dhana hiyo ndiyo nguzo ya mchoro mzima, na kwetu hutikisika. Mvuvi aliyetibiwa, akahamia Pemba kwa nduguze na kubadili laini ya simu, amepotea. Mgonjwa aliyezidiwa, akakosa nauli ya kurudi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akafia kijijini Pangani bila hospitali kujua, naye amepotea. Kama waliopotea wengi ni wa aina hii ya pili, mstari utabaki juu kuliko ukweli, na kiashiria chochote kitakachowekwa juu yake kitapotoka.

Uwiano wa hatari nao husomwa vibaya. Kusema kwamba wenye protini fulani wana hatari mara 2 si kusema kwamba wataishi nusu ya muda wa wenzao. Maana yake ni kwamba katika kila kipindi, miongoni mwa walio hai bado, wao hufariki kwa kasi maradufu. Tuchukue mfano wa kubuni: kama katika kundi moja wanakufa 5 kati ya 100 kwa mwaka na katika jingine 10 kati ya 100, uwiano ni 2, na bado wengi wa kundi lililo hatarini zaidi wataumaliza mwaka huo wakiwa hai. Ndiyo maana swali la "miezi mingapi" halijibiki kwa kioo: takwimu inazungumzia kundi, na makundi yenyewe huingiliana kwa kiasi kikubwa.

Orodha ya protini zilizowahi kutangazwa kuwa zinatabiri uhai katika saratani ya kinywa ni ndefu mno, na zilizofika kliniki zinahesabika kwa vidole. Sehemu ya maelezo ni hesabu tupu. Ukipima protini 20 zisizo na uhusiano wowote na uhai, kwa kipimo cha kawaida cha utafiti kinachoruhusu kudanganywa na bahati kwa asilimia 5, utegemee moja ionekane na uhusiano kwa bahati. Ukijaribu vizingiti mbalimbali, asilimia 10, 25, 50, kisha ukachapisha kile kilichotenganisha mistari vizuri zaidi, bahati inaongezeka bila msomaji kujua. Tafiti zilizoshindwa hubaki kabatini. Mwaka 2005 wataalamu walitoa mwongozo uitwao REMARK, unaowataka watafiti wa viashiria vya uvimbe waeleze wagonjwa walipatikanaje, kizingiti kilichaguliwaje na nini kilipimwa bila kutangazwa. Mimi nikisoma makala ya kiashiria kipya, swali la kwanza ninalouliza ni kama kinaongeza chochote juu ya yale ambayo rula na hadubini ya kawaida zilikwisha kusema.

Maana rula inasema mengi. Kuingia kwa saratani kwenye tezi za shingo, kwa kanuni ya jumla inayotumiwa na madaktari wa upasuaji, hupunguza uwezekano wa kuishi kwa takriban nusu. Kina cha kupenya kinapimwa kwa milimita, na toleo lile la nane la mfumo wa hatua za saratani liliweka mipaka kwenye milimita 5 na milimita 10. Kidonda cha ulimi chenye upana wa sentimita 1.5 na kina cha milimita 7 hakibaki tena katika daraja la kwanza, ingawa kwa macho kinaonekana kidogo. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilionyesha mwaka 2015 jinsi vipimo hivi vinavyogeuka kuwa uhai: wagonjwa wenye saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo walioondolewa tezi za shingo pamoja na uvimbe, kabla tezi hazijavimba, walikuwa hai baada ya miaka 3 kwa asilimia 80, dhidi ya asilimia 67.5 kwa walioachiwa tezi hadi ziote ugonjwa. Sijaona protini ya kinywa iliyoleta tofauti ya ukubwa huo.

Kwa hiyo mtu aliyeshika ripoti baada ya upasuaji aanze na mistari ya kawaida: kina cha kupenya kwa milimita, umbali wa saratani kutoka kwenye kingo zilizokatwa, idadi ya tezi zilizochunguzwa na zilizokutwa na ugonjwa, kama saratani imevunja ganda la tezi, na kama imezifuata neva. Mistari hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa wa hospitali ya Bombo atapewa rufaa ya mionzi au atabaki kufuatiliwa. Protini zije baadaye, kila moja ikiulizwa kama kuna tiba inayoitegemea.

Jambo moja la kivitendo hupuuzwa. Kitofali cha nta kikitunzwa vizuri kinaweza kukatwa upya hata baada ya miaka mingi, hivyo kipimo cha PD-L1 ambacho leo hakina maana kwa sababu dawa haipatikani kinaweza kufanywa kesho kwa kitofali kilekile, bila kumkata mgonjwa tena. Vioo vilivyokwisha kukatwa havivumilii hivyo. Vikikaa miezi mingi, baadhi ya protini hufifia na jibu la hasi huwa la uongo. Mgonjwa anayehamia hospitali nyingine aulizie kitofali chenyewe, ajue kinatunzwa wapi na kwa namba gani, na namba hiyo iandikwe kwenye karatasi ya rufaa.